Damu Isiyosahau: Historia ya Sotoka Katika Nchi ya Manyara

Mwezi Machi 1892, Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipita kando ya Ziwa Manyara na kupanda hadi Ngorongoro akiwa na msafara wa wapagazi waliotoka pwani. Misafara ya miaka ile ilizoea kuingia nchi ya Wamaasai kwa hofu, bunduki mkononi. Safari hii waliojitokeza kwenye uzio wa miiba wa kambi walikuwa watu waliobaki mifupa: wanawake waliokonda hadi macho kuzama, watoto wasio na nguvu, morani wanaotambaa. Walikuwa wakila ngozi kavu, na mzoga wa punda waliugombania. Hakuna jeshi lililowashinda. Ng'ombe wao walikuwa wamekufa, karibu wote, ndani ya muda mfupi. Baumann alikadiria kwamba theluthi mbili ya Wamaasai walikuwa wameangamia. Wenyewe wanaukumbuka wakati ule kwa jina la Emutai, yaani maangamizi.

Kilichowaua ng'ombe hao ni sotoka. Leo ukipita Sigino, kata ya Mji wa Babati, ukaona makundi ya ng'ombe yakitoka mazizini asubuhi, huwezi kukisia kwamba katika ukanda huu wote, kuanzia malisho yanayoelekea Mlima Hanang hadi bonde la Manyara, jina hilo peke yake lilitosha kumtoa mfugaji jasho. Hapa wanakutana Wagorowa, Wairaqw, Wabarbaig, Wambugwe na wageni wengi waliohamia baadaye, na karibu kila kabila lina ng'ombe katika mahari yake, katika matambiko yake, na katika hesabu ya nani ni mtu na nani hana kitu.

Historia ya sotoka husimuliwa mara nyingi kama historia ya njaa, au ya madaktari na sindano zao. Mimi naisoma kwanza kama historia ya kinga ya mwili. Kirusi kilichoua mamilioni ya ng'ombe kilikuwa na udhaifu mmoja: ng'ombe aliyenusurika hakuugua tena mpaka kufa kwake. Damu yake haikusahau. Kila hatua iliyopigwa dhidi ya sotoka, kwa zaidi ya miaka mia moja, ilikuwa jaribio la kumpa ng'ombe kumbukumbu hiyo bila kumfikisha mlangoni pa kifo.

Ugonjwa wenyewe haukuwa wa Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi ulizunguka Asia na Ulaya, ukifuata majeshi na ng'ombe wa kuvuta mizigo yao. Mwaka 1887 uliingia Massawa, kwenye pwani ya Eritrea, na wanahistoria wengi wanauhusisha na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia. Mwaka uliofuata ulikuwa umeishika Ethiopia, ukaua sehemu kubwa mno ya ng'ombe wake, na njaa kuu ikafuata kwa sababu maksai wa kulima hawakuwepo tena. Kutoka huko ulishuka kusini. Kufikia 1891 ulikuwa katika nchi ya Wamaasai, na baada ya hapo ukafika Ziwa Nyasa. Mto Zambezi uliuzuia kwa muda, lakini mwaka 1896 ulivuka, na ndani ya miaka miwili ulikuwa umepita Afrika ya Kusini yote.

Nyati walikufa kama ng'ombe. Pofu, nyumbu, twiga na ngiri nao hawakupona. Mizoga ilikuwa mingi kuliko tai. Ndui ikaja juu ya njaa, na watu waliodhoofika hawakuwa na cha kupambana nayo. Wenye mashamba ya mtama na uwele walikuwa na pa kushikilia kuliko waliotegemea maziwa na nyama tupu, na hili lilibadili mizani ya nchi. Nguvu za Wamaasai zilipopungua, Wairaqw waliokuwa wamebanana katika nyanda za juu za Mbulu walianza kushuka na kutawanyika kwenye ardhi ambayo zamani ilikuwa hatari kuisogelea. Palipokosa mifugo na wanyama wa kula majani, vichaka viliota, na vichakani wakaja mbung'o. Kwa hiyo maeneo mengi ya kaskazini mwa Tanganyika ambayo wakoloni waliyaita pori la asili yalikuwa malisho ya watu kabla ya sotoka.

Ng'ombe aliyeambukizwa hakuonyesha chochote kwa siku kadhaa. Kisha homa ilimpanda ghafla. Alijitenga na wenzake, manyoya yakasimama, pua ikakauka, machozi yakaanza kutiririka na baadaye kugeuka usaha. Siku mbili tatu mbele, ukimfungua mdomo uliona fizi na upande wa ndani wa midomo vimetapakaa vidoa vya kijivu kama pumba. Ukipitisha kidole, ngozi ilibanduka na chini yake palibaki kidonda chekundu. Mate yalimwagika, harufu ikajaa zizini. Halafu kuhara: maji matupu kwanza, kisha yenye damu na vipande vya utando wa utumbo. Homa ilishuka, na asiyejua alidhani mnyama anapata nafuu, kumbe alikuwa amekaukiwa na maji. Alilala ubavu asiinuke tena. Katika kundi ambalo halijawahi kukutana na sotoka, walioweza kufa hivyo walifika tisa kati ya kumi.

Kwa nini wengi kiasi hicho? Jibu limo ndani ya matezi.

Kirusi cha sotoka kilipita puani na mdomoni, kwa pumzi na ute wa mgonjwa aliye karibu. Kituo chake cha kwanza kilikuwa tonsili na matezi ya kichwa na shingo. Mahali hapo ndipo chembe nyeupe za damu hukusanyika na kupata habari za adui aliyeingia. Virusi vingi vingeliogopa eneo hilo. Hiki kililitafuta. Juu ya chembe nyingi za kinga kuna protini iitwayo SLAM, ambayo chembe hizo huitumia kuamshana, na sotoka ilikuwa imeifanya protini hiyo kuwa mpini wa mlango wake. Iliingia ndani ya askari wenyewe, ikazaliana humo, ikabebwa nao hadi kwenye damu, wengu, na matezi ya utumbo. Vidonda vya mdomoni na kuhara kwa damu vilikuja baadaye, kirusi kilipokwisha kuhamia kwenye ngozi laini ya njia ya chakula.

Mwili haukukaa kimya. Seli inapovamiwa na kirusi hutoa interferoni, protini ndogo zinazowatahadharisha majirani wafunge mitambo yao ya kutengeneza protini ili kirusi kisipate pa kufanyia kazi. Tahadhari hiyo haimchagui adui. Hutolewa kwa kirusi chochote, ndani ya saa chache, na lengo lake ni kununua muda. Sotoka, kama ndugu zake wa jamii ya surua, ilikuwa na protini za kuikata tahadhari hiyo isifike. Wakati huohuo seli za doria huchukua vipande vya kirusi na kuvipeleka kwenye matezi kuvionyesha kwa chembe nyeupe moja baada ya nyingine, mpaka ipatikane ile inayokitambua kipande hicho. Ikipatikana, huanza kujigawa na kuzaa maelfu ya zinazofanana nayo. Chembe za aina ya T huua seli zilizokwisha kuambukizwa. Za aina ya B hutengeneza kingamwili, protini zinazokikamata kirusi kwenye sehemu yake ya kushikia, kikashindwa kufungua mlango.

Kazi hiyo huchukua wiki moja na zaidi. Basi zilikuwa mbio: kirusi kikiteketeza chembe nyeupe, mwili ukijaribu kuzalisha zile chache zinazofaa kabla hazijaisha. Ng'ombe wengi walishindwa siku chache tu kabla ya kingamwili kutosha. Walioshinda walibaki dhaifu kwa majuma, na baadhi yao walikufa kwa magonjwa ambayo mwili ulikuwa umeyadhibiti zamani, ndigana au nagana, yaliyoamka kwa kuwa walinzi wamepungua. Waliovuka na hapo walikuwa salama kwa maisha yao yote. Chembe za kumbukumbu zilibaki kwenye matezi, na katika uboho zilikaa chembe zilizoendelea kumwaga kingamwili mwaka hadi mwaka.

Na kirusi hiki kilikuwa na umbo moja tu machoni pa kinga. Mafua hubadilika kila msimu hata kumbukumbu ya mwaka jana isifae sana mwaka huu. Sotoka ilikuwa na koo tofauti, nyingine kali, nyingine za upole, lakini kingamwili zilizozaliwa kwa ukoo mmoja zilitosha kuizuia yote. Bila jambo hilo hadithi ingeishia kwenye njaa.

Wafugaji waliliona bila darubini. Ng'ombe aliyepona hakuugua tena, na huko kusini mwa Afrika maksai aliyenusurika aliuzwa kwa bei ya juu kuliko mwenzake aliyekuwa hajaguswa, maana mnunuzi alijua anachokilipia.

Mwishoni mwa 1896 serikali ya Koloni ya Rasi ilimwita Robert Koch, Mjerumani aliyekwisha kuwa maarufu kwa kugundua bakteria wa kifua kikuu. Alifanya kazi Kimberley, na mapema 1897 alitangaza njia ya kudunga nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka chini ya ngozi ya mzima. Wengi walipata kinga. Lakini nyongo ya mzoga huu haikuwa sawa na ya mzoga ule, na wengine waliugua kwa sindano hiyohiyo. Watafiti wengine waliomfuata walijaribu damu ya ng'ombe waliopona, wakitenga maji yake ya juu, seramu, yaliyojaa kingamwili. Ng'ombe aliyedungwa seramu alilindwa siku hiyohiyo. Baada ya majuma machache ulinzi uliisha, kwa sababu kingamwili zilikuwa za kuazima; mwili wake wenyewe haukuwa umejifunza kitu. Ndipo ikaja njia ya kudunga vyote viwili kwa pamoja, kirusi hai upande mmoja na seramu upande mwingine, ili ng'ombe augue kidogo akiwa na ulinzi, na mwili wake ujitengenezee kumbukumbu.

Njia hiyo ilitumika Afrika Mashariki kwa miongo. Kabete, nje ya Nairobi, ndiko ilikokuwa maabara kubwa ya mifugo ya Kenya. Upande wa Tanganyika kazi ilikuwa Mpwapwa, kwenye kituo kilichorithiwa kutoka kwa Wajerumani. Kasoro yake haikuhitaji mtaalamu kuiona. Kirusi kilichodungwa kilikuwa kirusi chenyewe. Seramu ikipungua nguvu, umepanda sotoka zizini kwa mkono wako. Na palipokuwa na chanjo, karantini ilikuwepo: minada ikafungwa, njia za kupitisha mifugo zikazibwa, na mfugaji asiyeweza kuuza alilipa gharama ya ugonjwa ambao pengine haukuwa zizini kwake. Sishangai kwamba wafugaji wengi waliwaficha ng'ombe wao porini waliposikia bwana mifugo anakuja.

Hatua iliyofuata ilitoka India. Huko Mukteswar, katika miaka ya 1920, J. T. Edwards alikipitisha kirusi kutoka mbuzi hadi mbuzi mara nyingi, mpaka kikazoea mbuzi na kupoteza ukali wake kwa ng'ombe. Kabete nako walitengeneza chanjo yao ya mbuzi. Ilifanya kazi nzuri kwa ng'ombe wengi wa kienyeji, lakini kwa baadhi ya aina, hasa ng'ombe wa maziwa wa asili ya Ulaya, ilileta homa kali na hata vifo.

Halafu akaja Walter Plowright. Alikuwa daktari wa mifugo Mwingereza, aliyezaliwa 1923, akafika Kabete mwaka 1950, na kuanzia 1956 alifanya kazi Muguga, katika Shirika la Utafiti wa Mifugo la Afrika Mashariki, taasisi iliyohudumia Kenya, Tanganyika na Uganda kwa pamoja. Muguga ipo nje ya Nairobi, mahali pa baridi na ukungu. Akiwa na R. D. Ferris, alichukua kirusi kikali kilichojulikana kama Kabete O, kilichopatikana kwa ng'ombe wa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, akakikuza kwenye seli za figo ya ndama zilizooteshwa ndani ya vioo. Kirusi kilipojaa katika chombo kimoja, alichota kidogo na kukipeleka kwenye chombo kipya chenye seli mpya. Kisha tena. Na tena, mara zipatazo tisini.

Ndani ya vioo hakuna matezi, hakuna kingamwili, hakuna ng'ombe wa kukimbilia. Kirusi kilichokuwa mahiri wa kuteka chembe nyeupe hakikuwa na sababu ya kuutunza umahiri huo, na kwa mabadiliko madogo madogo kiliupoteza. Plowright alipokirudisha ndani ya ng'ombe, kilizaliana kidogo, kwa muda mfupi. Ng'ombe hakupata homa ya maana, hakutoka vidonda, hakuambukiza jirani yake. Lakini matezi yalikuwa yamekwisha kukiona, kwa umbo lilelile la kirusi kikali. Kumbukumbu ilizaliwa bila ugonjwa. Na ilikuwa salama kwa kila aina ya ng'ombe, hata kwa mwenye mimba.

Plowright hakuridhika kuona ng'ombe amepona mwezi wa kwanza. Baadhi ya waliochanjwa walitunzwa kwa zaidi ya miaka sita mahali ambapo sotoka haingewafikia, kisha wakapewa kirusi kikali. Hawakuugua. Sindano moja ilitosha maisha ya ng'ombe. Chanjo hiyo ndiyo iliyobeba mzigo wote uliofuata, na mwaka 1999 Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa ajili yake. Kwangu, ni moja ya kazi kubwa kuliko zote za sayansi zilizofanyika katika ardhi ya Afrika Mashariki, na inasikitisha kwamba watoto wetu wanamaliza shule bila kulisikia jina la Muguga.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa kazi ya chanjo ulipatikana kwa wanyama ambao hawakuchanjwa. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndama wa nyumbu wa Serengeti walikuwa wakifa kila mwaka kwa ugonjwa uliokuwa na utaratibu wa ajabu: haukuwagusa wakiwa wachanga, uliwapiga baada ya miezi kadhaa, kabla hawajatimiza mwaka na nusu. Ilikuwa sotoka. Mama aliyeupona ugonjwa alimpa mwanawe kingamwili zake kwa dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Wanyama wa jamii ya ng'ombe hawapitishi kingamwili kupitia kondo la nyuma kama binadamu. Ndama huzaliwa bila kitu, na dang'a ya siku ya kwanza ndiyo urithi wake. Lakini urithi huo ni wa kingamwili tu, si wa chembe zinazozitengeneza. Ukiisha, ndama anabaki wazi, na kirusi kinamkuta.

Kisha ng'ombe waliozunguka hifadhi walichanjwa kwa wingi. Plowright na wenzake walipima damu ya nyumbu na kuipanga kwa mwaka wa kuzaliwa. Wazee walikuwa na kingamwili za sotoka. Waliozaliwa baada ya mwaka 1963 hawakuwa nazo. Damu ilikuwa imeandika tarehe ambayo kirusi kilitoweka porini, na ilionyesha kwamba nyumbu hawakuwa chanzo. Walikuwa wakiambukizwa na ng'ombe. Nyumbu walikuwa takriban 250,000 mwaka 1961. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walipita milioni 1.3. Majani yaliliwa, mioto ya nyikani ikapungua, miti ikaota upya. Hifadhi tunayowaonyesha watalii leo, ile ya nyumbu wasiohesabika, ina umri mdogo kuliko wazee wengi wa Babati, na imetokana na sindano walizodungwa ng'ombe.

Kati ya 1962 na 1976 mpango wa pamoja wa nchi za Afrika, uliojulikana kama JP15, ulichanja makumi ya mamilioni ya ng'ombe katika nchi 22. Sotoka ikabaki kwenye vichochoro vichache. Na hapo ndipo kosa lilipofanyika, kosa ambalo wataalamu wa chanjo hulitaja mpaka leo: ugonjwa ulipoacha kuonekana, fedha na juhudi viliondoka. Ng'ombe wenye kumbukumbu walizeeka, wakauzwa, wakachinjwa. Ndama waliozaliwa hawakuwa na chochote zaidi ya dang'a. Miaka ya mwanzo ya 1980 kirusi kilitoka vichochoroni kikalipuka upya Afrika Magharibi, na mwaka 1982 kikaua nyati kaskazini mwa Tanzania, eneo la Serengeti.

Kampeni mpya ya bara zima ilianza mwaka 1986. Safari hii tatizo lilikuwa joto. Chanjo ya Plowright ilihitaji barafu, na barafu haifiki Afar ya Ethiopia au kusini mwa Sudan ikiwa bado barafu. Jeffrey Mariner, Mmarekani, aliirekebisha namna ya kuikausha, ikaweza kukaa mwezi mzima nje ya friji. Baada ya hapo mfugaji mwenyewe aliweza kufundishwa, akapewa vichupa, akaenda kwa miguu mahali ambapo gari la serikali halikuwahi kufika. Naamini huu ndio uamuzi uliomaliza kazi. Miongo mingi baada ya bwana mifugo wa kikoloni kukimbiwa, sindano iliwekwa mikononi mwa watu waliokuwa wakiijua sotoka kwa harufu.

Tanzania iliguswa kwa mara ya mwisho mwaka 1997. Miaka mitatu kabla, ukoo wa upole wa kirusi ulikuwa umejitokeza Tsavo, Kenya, ukaua nyati na tandala wadogo kwa wingi huku ng'ombe wakipata homa ndogo isiyomshtua mtu. Ulipovuka mpaka kuingia nchi ya Wamaasai ya kaskazini mwetu, Serikali ilichanja ng'ombe kwa dharura kwenye mikoa ya mpakani. Wakati huo Babati bado ilikuwa Mkoa wa Arusha. Manyara ilikuja kuwa mkoa mwaka 2002. Ugonjwa ulizimwa.

Kuthibitisha kwamba kitu hakipo ni kazi ngumu kuliko kukipata, na hapa pia damu ndiyo iliyotoa jibu. Chanjo ilisimamishwa makusudi. Kisha vijana wa makundi, ng'ombe na nyati waliozaliwa baada ya chanjo kukoma, walipimwa. Ukikuta kingamwili kwa mnyama ambaye hajawahi kuchanjwa na ambaye dang'a ya mama yake imekwisha nguvu, basi kirusi bado kinazunguka. Usipokuta, katika maelfu ya sampuli, mwaka baada ya mwaka, basi kimekwisha. Mara ya mwisho sotoka kuonekana popote duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya. Tarehe 28 Juni 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba imetokomezwa. Baada ya ndui ya binadamu, ni ugonjwa wa pili tu katika historia kufutwa duniani. Plowright alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Kati ya ndugu wa sotoka ambao bado tunaishi nao, wawili wanatuhusu hapa. Wa kwanza ni surua, ambayo wataalamu wanaona ilitokana na kirusi cha ng'ombe zamani sana, watu walipoanza kuishi kwa wingi mijini. Inaingia kwa mlango uleule wa SLAM na kuteketeza chembe zilezile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mtoto anayeugua surua anaweza kupoteza sehemu kubwa ya kingamwili alizojijengea dhidi ya magonjwa mengine. Mwili wake unasahau. Ndiyo maana mtoto aliyepona surua huonekana kuandamwa na vichomi na kuhara kwa muda mrefu. Mama wa Sigino anapoambiwa kliniki amlete mwanawe akiwa na miezi 9, kisha miezi 18, sababu ni ileile ya ndama wa nyumbu. Kabla ya hapo kingamwili za mama zilizopita kwenye kondo zinaweza kukizima kirusi cha chanjo kabla matezi ya mtoto hayajakitambua. Dozi ya pili ni kwa ajili ya wale ambao ya kwanza haikuwashika.

Ndugu wa pili ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Ilithibitishwa kaskazini mwa Tanzania mwaka 2008 na tangu wakati huo imesambaa. Dalili zake mzee aliyeiona sotoka ya ng'ombe angezitambua mara moja: homa, machozi, kamasi, vidonda vya mdomo, kuhara, na kichomi juu yake. Nayo ina umbo moja tu machoni pa kinga, na ipo chanjo inayomlinda mbuzi kwa si chini ya miaka mitatu. Nchi za dunia zimekubaliana kuitokomeza ifikapo mwaka 2030, kwa njia ileile iliyoimaliza ya ng'ombe.

Leo hakuna ng'ombe Sigino mwenye kingamwili za sotoka, na hilo ni jambo la kujivunia. Mbuzi ni habari nyingine. Mbuzi asiyechanjwa hana kumbukumbu yoyote, na katika zizi moja lisilochanjwa kirusi kinapata pa kuishi mpaka msimu ujao, kama kilivyopata mwaka 1976. Afisa mifugo akitangaza siku ya chanjo, wapeleke wote, pamoja na wale wadogo waliokwisha kupita umri wa kunyonya, na usimbakize hata mmoja kwa kuwa anaonekana mzima.